Kalamu Nane na Kichwa cha Mama Ndinda

Daktari Musembi alizikwa Alhamisi, na Jumamosi binti yake akanipigia simu niende nyumbani kwao Mumbuni nikamweleze ni takataka gani zilizojaa chumba cha wageni. Nilikuta maboksi kumi na moja, mengine chini ya kitanda na mengine juu ya kabati, yote yamejaa karatasi ndefu zilizokunjwa mara nyingi, na kila karatasi ina mistari minane inayopanda na kushuka tangu mwanzo hadi mwisho. Binti alikuwa amedhani ni vipimo vya moyo. Nikamwambia ni vya ubongo, na kwamba mistari hiyo niliichukua mimi kwa mikono yangu miwili nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Akanitazama vile vijana wanavyomtazama mzee anayedai aliwahi kuwa mchezaji hodari wa mpira. Alienda kupika chai, nami nikakaa sakafuni nikafungua boksi la kwanza, na chai ilipokuja nikasahau kuinywa.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walifanya kazi gani, maana hayo hayakunisaidia chochote mwaka ule. Ulikuwa mwaka uliofuata zile mvua za El Niño. Nilikuwa nimemaliza kozi ya uuguzi na kazi ya serikali haikuwa imetokea, nikasikia kwamba daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali moja ya Machakos anatafuta msichana mwenye subira na vidole vyepesi. Vidole nilikuwa navyo. Subira nilimdanganya. Alinionyesha chumba kimoja nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, kilichokuwa stoo ya mablanketi, na dirisha lake limezibwa kwa mojawapo ya mablanketi hayo. Kulikuwa na godoro juu ya kitanda cha chuma, sinki lisilo na maji isipokuwa Jumanne na Ijumaa, na mashine iliyotolewa msaada na chuo kimoja cha ng'ambo walipopata mpya. Ilikuwa na ukubwa wa friji iliyolazwa chali, na juu yake zilipangwa kalamu nane nyembamba za wino. Ukiiwasha, karatasi inatembea chini ya kalamu, na kalamu zinakwaruza, na chumba kizima kinasikika kama kuku wanaoparua majani makavu.

Wiki ya kwanza tulifanyia mazoezi kichwa cha Daktari mwenyewe, kwa kuwa kilikuwa na upara na hakikutupa shida. Nilimbandika vikombe vidogo vya madini, kila kimoja na waya wake, kwa dawa nzito yenye chumvi iliyonuka kama uji uliochacha. Akalala, akafumba macho, na kalamu zikaanza kuchora mawimbi mapana yaliyofuatana vizuri, kama kumi kwa kila sekunde. Akafumbua macho, mawimbi yakakatika. Akafumba, yakarudi. Nilimwambia afumbe na kufumbua mpaka akachoka na mchezo huo. Kisha nikamwambia afumbe macho na atoe kumi na saba kutoka mia mbili, tena na tena, nione kama hesabu itaonekana. Mawimbi yalipungua, na nikajua anahesabu kweli. Sijawahi kupenda kitu katika kazi kama nilivyopenda kile. Mimi ni mtu wa kupenda kujua mambo, na wengine wameniita mdaku, na hapa palikuwa na kitu kinachoniruhusu kuchungulia kichwa cha mtu bila kukipasua.

Alichokuwa akikitafuta Daktari ni hiki. Siku hizi hata watoto wa shule wanasema dipresheni. Wakati ule neno hilo lilikuwa la madaktari tu. Wanawake walimjia wakilalamikia kichwa, mgongo, magoti, na kwa miaka walikuwa wamepewa vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani, na huko nyumbani wakaitwa wavivu. Yeye aliamini wengi wao ni wagonjwa wa huzuni. Alikuwa amesoma kwamba huko ng'ambo watafiti wameona jambo katika mtu wa aina hiyo akifumba macho: yale mawimbi ya kupumzika, upande wa mbele wa ubongo, huwa makubwa kushoto kuliko kulia, kana kwamba upande wa kushoto umelala. Katika mtu asiye mgonjwa huwa kinyume, kushoto ni kudogo. Alitaka kuona kama ni hivyo hivyo kwa wanawake wa Ukambani, wagonjwa na wazima. Tulipokuwa tukila mchana, yeye na mimi, muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliofungiwa na mkewe kwenye bakuli la mfuniko, aliwahi kuniambia kwa nini anajisumbua. Alisema neno la mwanamke juu ya mwili wake haliaminiki nyumbani, lakini karatasi ya mashine itaaminika, na mume hawezi kubishana na karatasi. Nilimuona mtu mwema sana. Hata leo namuona hivyo.

Benchi la wanaosubiri lilikuwa chini ya dirisha letu, na blanketi halizuii maneno, kwa hiyo nilisikia yote. Wengine walisema mashine inachapa dhambi. Mmoja alisema inaandika majina ya watu unaowachukia, na aliyekuwa karibu naye akauliza kama karatasi itatosha. Wengi waliogopa umeme, nami nilikuwa nikitoka nje kila asubuhi kuwaeleza kwamba haiingizi kitu kichwani, inasikiliza tu. Hawakuniamini, lakini walikuja, na walikuja wamependeza. Hilo ndilo nataka lieleweke, maana kila kilichofuata kilitoka hapo. Kwetu hakuna anayeenda hospitalini kama aliyetoka kuchota maji. Utavaa nguo ya kanisani, utapaka miguu ikang'ara, utachana nywele na kuchora njia upande wa kushoto, na katika hiyo njia utapitisha mafuta ya kutosha. Kwenda kwa daktari na kichwa kikavu ni kumdharau daktari.

Maagizo ya mashine yalikuwa wazi. Kabla ya kubandika kikombe ni lazima ngozi ya kichwa isuguliwe mpaka mafuta yote yatoke, kisha kikishabandikwa, kipimo kidogo cha mgusano wake na ngozi kisomwe, na mshale ushuke chini ya tano. Nilifanya hivyo kwa wengi. Lakini anapokuja mwanamke wa umri wa mama yangu, amekaa tangu alfajiri akitengenezwa kichwa kwa ajili ya siku hii, mimi ni nani nimsugue kama sufuria? Maji yenyewe yalikuwa ya mtungi. Basi hao nilikuwa nawapangusa kidogo kwa pamba na spiriti, nikiomba msamaha, nabandika, na mshale ukikataa kushuka ninaandika kwenye fomu kwamba umeshuka. Nilijiambia ni heshima. Sehemu ilikuwa heshima kweli, na sehemu ilikuwa uvivu uliovaa nguo ya heshima.

Kufikia mwezi wa saba Daktari alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumuona nayo. Alitandaza karatasi kwenye korido Jumapili moja hospitali ikiwa kimya, wagonjwa upande huu na wazima upande ule, akaniita nitembee katikati. Hata mtu asiyesoma angeona. Kwa wazima, kalamu ya mbele kushoto ilichora vilima vidogo. Kwa wagonjwa, kushoto kulikuwa sawa na kulia au kuzidi kidogo. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hata wale wa ng'ambo hawajaona tofauti iliyo wazi namna hii. Nilifurahi kana kwamba ubongo wenyewe ni wangu. Na kuanzia siku hiyo, wale wanawake ambao maswali hayakutoa jibu la wazi, hajui ni wagonjwa au la, akawa anaiachia karatasi iamue.

Mama Ndinda aliletwa na wifi yake, Kalekye, mwezi wa nane. Alikuwa mwanamke wa kama miaka arobaini, mrefu, mpole kupita kiasi, na Kalekye ndiye aliyeongea. Alisema huyu mke wa kaka yake halimi, hapiki, anakaa mlangoni pa jikoni tangu asubuhi, na mume aliye kazini Athi River ameuliza kwa barua kama ni mgonjwa au ameamua tu. Kalekye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kulisha nyumba mbili. Daktari alimuuliza Mama Ndinda maswali yake yaliyotoka kwenye karatasi ya ng'ambo: ana huzuni, analia, amekata tamaa? Akajibu hapana kwa kila moja, kwa adabu.

"Siko na huzuni, Daktari," alisema. "Ni kichwa tu. Inachemka, halafu inanyamaza."

Alikuwa amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi, na kichwa chake kilikuwa kimetengenezwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika, njia imenyooka kama iliyopigwa rula na mafuta yanameremeta. Nilimpangusa kidogo tu. Kikombe cha mbele kushoto kiliteleza mara mbili, nikakibana kwa utepe, nikaandika kwamba mshale umeshuka. Karatasi ikatoka na vilima vidogo kushoto. Daktari akaikagua, akamwambia kwa upole kwamba ubongo wake ni mzima, apumzike, apunguze chumvi, arudi baada ya miezi sita kama kichwa kitaendelea. Kalekye akavuta pumzi, akasema basi kama ni uvivu wameshajua. Mama Ndinda aliiangalia ile karatasi, akaniuliza kama inaweza kukosea, nami nikamjibu, kwa kiburi cha msichana wa miaka ishirini na mitatu, kwamba mashine haina sababu ya kudanganya.

Niliposafisha vikombe baadaye, kile cha kushoto kilikuwa na utando wa mafuta wa manjano, mzito kama siagi. Nilikipangusa, nikanawa, na bado kilinisumbua. Halafu nikakumbuka jambo nililoliona bila kuliangalia. Wakati wa kumaliza, ushungi wa Mama Ndinda ulikuwa umeanguka, na hakuinua mkono kuuokota wala kuufunga. Kalekye aliuchukua, akamfunga, akamnyooshea nywele zilizotoka, kama anavyofanyiwa mtoto. Kichwa kile hakukitengeneza yeye. Wagonjwa wetu wote tuliokuwa na hakika nao walikuja na vichwa vikavu, nywele hazijachanwa, kwa kuwa nguvu ya kujipaka mafuta ndiyo ya kwanza kuwaondoka. Na hao niliwasugua bila haya, maana hapakuwa na kitu cha kuharibu. Wazima walikuja wamejipaka. Njia ilikuwa kushoto, na mafuta yaliyojaa humo ndiyo yaliyozuia kikombe cha kushoto kisisikie. Nilisimama pale na pamba mkononi.

Jumapili iliyofuata nilienda peke yangu baada ya kanisa, na maji ya moto kwenye chupa ya chai. Nikaosha kichwa changu kwa sabuni, nikajibandika mwenyewe kwa kutumia kioo, nikawasha mashine na kulala haraka nikafumba macho. Nilipoinuka kuitazama karatasi, kushoto na kulia kulikuwa sawa kabisa. Nikatoa vikombe, nikachora njia kushoto, nikapitisha mafuta vile mama zetu wanavyopitisha, nikapangusa kidogo, nikabandika tena. Kushoto kukawa na vilima vidogo, vizuri, vya mwanamke mzima asiye na shida duniani. Nilikuwa mimi yule yule, na tofauti ni robo saa na kijiko cha mafuta. Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililohisi halikuwa aibu, lilikuwa furaha ya kujua. Nilicheka peke yangu mle ndani. Aibu ilifika nilipoanza kuhesabu vichwa.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Sikupata usingizi wala sikula vizuri, na kila Daktari alipoimba wimbo wa kanisani akichapa ripoti yake nilijiona kama mchawi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho Jumatano wakati wa chakula. Nilimwekea karatasi zangu mbili kando ya bakuli la muthokoi nikamweleza yote: mafuta, njia, mshale, fomu nilizojaza uongo. Hakunikatiza. Alivua miwani, akaisafisha kwa ncha ya koti, akaivaa, akazitazama karatasi tena. Aliniuliza ni vichwa vingapi. Nikasema sijui, wale wakubwa wote. Nilisubiri anifukuze, na nadhani alikuwa akilifikiria hilo, lakini alipofungua mdomo aliuliza jambo jingine.

"Na yule mama wa wiki jana, yule wa gauni la buluu?"

"Alipakwa na wifi yake, Daktari. Nilikiona kikombe kikiteleza, na nikaandika kimekaa."

"Basi nenda ukamlete," alisema. "Leo. Hiki chakula utakikuta."

Nilienda hadi soko la kwao, kisha nikatembea saa nzima nikiuliza njia. Nilimkuta mahali pale Kalekye alipopataja, mlangoni pa jikoni, miguu imenyooshwa juani. Hakushangaa kuniona. Nilimwambia nilikosea kazi yangu, mashine haikumsikia vizuri kwa sababu yangu, na Daktari anaomba arudi. Kalekye, aliyekuwa akitwanga, alisimamisha mchi. Alitaka kujua kama hii ni hesabu mpya ya kuwasumbua watu, kisha akamtazama wifi yake, akaniambia nisubiri abadilishe leso, atatusindikiza. Nikamsihi asimtengeneze kichwa. Alidhani nina wazimu.

Haikuwa siku ya maji, kwa hiyo nilimwosha Mama Ndinda kwa maji ya mtungi yaliyopashwa kwenye jiko la wauguzi, beseni juu ya stuli, polepole, mpaka ngozi ikalia chini ya vidole. Alifumba macho. Sikujua kwamba kuoshwa kichwa kunaweza kumfanya mtu mzima apumue hivyo. Mshale ulishuka hadi tatu, na mara hii nikaandika tatu. Karatasi ikatoka na kushoto kukubwa kidogo kuliko kulia. Nilimtazama Daktari nikitegemea afurahi, na hakufurahi.

"Hii nayo isikudanganye, Mumbua," aliniambia. "Imetuambia tu kwamba ile ya kwanza ilikuwa bure. Kuhusu yeye, bado hatujui kitu."

Alizima mashine. Kalamu ziliponyamaza, chumba kikawa kidogo. Akavuta stuli, akakaa karibu na kitanda, na badala ya maswali ya ng'ambo akamuuliza kwa Kikamba, taratibu, siku yake inakuwaje tangu anapoamka. Mama Ndinda akafikiri. Akasema haamki, kwa kuwa halali. Akasema chakula kina ladha ya majivu tangu msimu wa kupanda. Akasema mkono wake ukitumwa kichwani unakataa katikati ya njia, na Kalekye anamchana, na anaona aibu kwa Kalekye. Aliongea karibu saa nzima. Kalekye alikuwa mlangoni, na nilimuona akikaa chini pole pole, sakafuni, na leso yake safi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini huyu hakuwa ameficha. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa maneno anayoweza kuyajibu.

Alilazwa wiki tatu, akaanza vidonge. Daktari aliandika barua kwa chuo cha ng'ambo akaeleza kwamba tofauti aliyowatangazia ni ya mafuta ya nywele, na kosa ni la usimamizi wake. Jina langu hakuliandika. Tulianza upya, tukiosha kila kichwa, mzee kwa kijana. Ile tofauti nzuri ya korido haikurudi. Ilibaki kitu kidogo, huku ipo, huku haipo, na Daktari alikufa bado anadhani ipo. Mimi nadhani kuna kitu. Bado napenda kujua. Nasikia siku hizi wanatumia kompyuta na kofia yenye vikombe vingi mno, na kila nikisikia hivyo nataka kumuuliza mtu aliyeishika ile kofia kama aliwahi kuuliza mafuta yamepakwa na nani.

Mara ya mwisho niliyomuona Mama Ndinda mwaka ule ilikuwa karibu na Krismasi. Alikuja kuchukua vidonge peke yake, amefunga kilemba, na chumbani hapakuwa na mgonjwa, nikampa chai kwenye kikombe cha Daktari. Tuliongea juu ya mvua, na mume aliyekuja likizo, na mahindi. Nilikuwa na swali lililonikaa rohoni tangu mwezi wa nane, nikaliuliza. Nilimuuliza siku ile tulipomwambia ubongo wake ni mzima, alifikiria nini.

"Nilifikiria, kumbe si ugonjwa," alisema. "Kumbe ni mimi tu niko hivi. Na kama ni mimi, hakuna dawa."

Alikunywa chai kidogo. Kisha akaniambia, bila kubadilisha sauti, kwamba alipofika nyumbani siku ile alianza kugawa kuku wake. Walikuwa tisa. Alimpa jirani watatu, shemeji wanne, mke wa mchungaji mmoja, kila siku kidogo kidogo asije akaulizwa. Mwanamke wa kwetu hagawi kuku wake akiwa na mpango wa kuwepo. Nilielewa. Nikamuuliza siku niliyomfuata alikuwa amebaki na wangapi.

"Mmoja," alisema. "Jogoo. Huyo nilikuwa nimpe Kalekye jioni hiyo."

Nilizihesabu siku zangu tatu, Jumapili hadi Jumatano, nilizokaa nikiogopa kufukuzwa kazi, na nikamwambia. Nilimwambia nilijua mapema nikanyamaza. Aliweka kikombe chini, na nilidhani ataondoka.

"Lakini ulikuja," alisema.

Nikamuuliza kama kuku wamerudishwa. Akasema wanne ndio waliorudi. Wengine walikuwa wameshaliwa, na mke wa mchungaji alikuwa amesifia mchuzi wa kuku yule mbele ya watu. Alipofika hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na mimi nilikuwa nalia.